Ngozi Chini ya Lami

Jumapili, 4 Februari 1951

Siku ya pili bila Mama Zena. Uji umeungua tena. Zena amekula nusu, nusu ameimimina kwenye kiatu changu. Nimemwosha uso na mikono. Baada ya saa moja nimemwosha tena kwa kuwa alikwenda kukaa jivuni. Sijui mwanamke anapata wapi mikono ya kutosha.

Mama Zena yuko Mumias kwa mama yake mgonjwa. Atarudi Jumapili ijayo kwa basi, inshallah. Kabla ya kuondoka alinisomea masharti kama karani wa baraza. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Mtoto asikae karibu na pasi ya makaa. Sindano zisilale chini. Nikamwambia nimeshona nguo za watoto wa mji huu miaka kumi na miwili, sitashindwa na mmoja wa mwaka na nusu. Hakucheka. Tumezika wawili kabla ya huyu. Hajawahi kumwacha hata siku moja.

Majirani wameanza kuchungulia. Mama Kemunto, Mkisii anayetuletea maziwa kutoka Nyanchwa, alisimama mlangoni akatazama nilivyomfunga Zena winda. Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Baba Zena, hii ni mtoto ama ni mzigo ya posta?" Nimeudhika. Winda lilikuwa limekaa sawasawa.

Jumatatu, 5 Februari

Kaptula za shule, sita. Nimemaliza mbili. Zena alikalia ya tatu, mikono imejaa ndizi. Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeanza upya. Mimi sipendi doa. Fundi mwenye doa dukani kwake ni kama mpishi mwenye njaa.

Wingu zito upande wa Suneka. Mvua ikija, juu ya cherehani panavuja. Nimenunua lami kwenye duka la vyuma, robo debe. Kesho naziba mashimo ya misumari.

Zena amelala mapema. Amemwita mama yake mara mbili, kisha akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Jumanne, 6 Februari

Mikono inanuka mafuta ya taa. Nyumba nzima inanuka.

Asubuhi niliyeyusha lami uani, nikapanda juu ya bati, nikaziba misumari yote. Kazi safi. Iliyobaki nikaiacha kwenye debe ukutani, nikaifunika kwa kipande cha bati na jiwe. Jiwe dogo. Baada ya Adhuhuri nikakaa kwenye cherehani. Zena alikuwa miguuni pangu akicheza na vipande vya kitambaa. Nikashona mfuko mmoja wa kaptula. Mmoja tu. Nikatazama chini. Hayupo.

Nilimkuta uani ameketi katikati ya lami iliyomwagika. Mweusi tititi kutoka kiunoni mpaka vidole vya miguu. Mikono nayo. Sikumtambua. Wallahi, nilidhani ni mtoto wa mtu mwingine ameingia uani kwangu. Kisha akacheka, nikaona meno yake. 

Lami ilikuwa imepoa. Alhamdulillahi. Nilitia kidole nikahakikisha. Baridi, nzito kama asali. Hakuungua hata kidogo.

Sabuni haikufanya kitu. Maji yaliteleza juu yake yakaenda zake. Mikono yangu pia ilikuwa imechafuka kwa kumbeba, na Alasiri inakaribia. Penye lami maji hayafiki ngozini. Udhu haupo, sala haipo. Hayo nilifundishwa chuo cha Kurani kabla sijajua kushika sindano. Nikachukua mafuta ya taa na mchanga, nikasugua mikono. Kufumba na kufumbua, safi. Nikajiuliza kwa nini sikuanza hivyo.

Basi na mtoto vivyo hivyo. Bila mchanga, mimi si mjinga. Mikono yake ilitoka upesi. Miguuni ilikuwa imeshika sana, naye anapiga mateke. Nikaona heri ilainike kwanza. Nikalowesha vipande vya kitambaa cha marekani kwa mafuta ya taa, nikamzungushia miguu yote miwili, nikafunga winda juu yake, nikamweka mkekani. Nikaenda kusali. Baada ya sala akaja mtu kuchukua kanzu yake. Akataka kuijaribu. Akalalamikia shingo. Tukabishana. Zena kimya. Nikafurahi kwamba yuko kimya.

Karibu saa nzima. Nilipomfungua, lami ilitoka kwa kitambaa bila shida. Alikuwa mzito wa usingizi, akakohoa kidogo. Mtungi ulikuwa mtupu, kwa hiyo nikampangusa na kitambaa kikavu tu. Giza likaingia. Nikawasha taa, nikaileta karibu, nikamkagua miguu kama ninavyokagua mshono. Yamebaki mabaka machache, nyuma ya goti la kushoto, kifundoni na kwenye nyayo. Kesho namaliza.

Nimejisifu. Nyumba haina mwanamke na mtoto ni safi.

Jumatano, 7 Februari

Kuna kitu kimeharibika.

Alfajiri alilia nilipomgusa. Mapaja yanang'aa, yamevimba, ya moto. Nikadhani ni lami. Sumu ya lami imemwingia. Nikaona dawa ni kuitoa yote iliyobaki, haraka. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa tena. Alipoona kitambaa tu alianza kupiga kelele. Nikamshika. Nilimshika kwa nguvu, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama Kemunto aliingia bila hodi. "Yaya! Hapana! Wacha, Baba Zena! Hiyo mafuta nachoma yeye!" Akaninyang'anya kitambaa. Akasema lami inataka mafuta ya ng'ombe. Unapaka, unangoja, unafuta pole pole na kidole. Wanaume wa kwao wakitoka kazi ya barabara wake zao huwatoa lami hivyo. Nikamwambia siagi juu ya lami ni uchafu juu ya uchafu. Nikamwambia aende akauze maziwa yake. Yote hayo nilimwambia mwanamke aliyelea watoto saba.

Hakuondoka mara moja. Alisimama akasema, "Mama yako ya Suneka alipaka wewe hiyo. Wewe nasahau tu kwa sababu navaa kofia."

Hasira ilinipanda mpaka machoni. Ni kweli mama yangu alikuwa Mkisii wa Suneka. Baba, Mwislamu, alikuja na jeshi, akabaki, akamwoa. Mimi nimekulia mjini. Sikumbuki siagi.

Jioni. Malengelenge. Kwanza nyuma ya goti la kulia, kisha paja, kisha yakaungana. Nilipofungua winda ngozi ilikuja nalo. Ilinata kwenye kitambaa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Niliishika mkononi. Ngozi ya mtoto wangu. Nimekaa nayo sijui muda gani. Sikujua mtu anaweza kushtuka mpaka masikio yake yasisikie.

Anakunywa maziwa. Anakohoa. Kukipambazuka naenda hospitali.

Alhamisi, 8 Februari

Nimembeba mpaka hospitali nimemshika chini ya makwapa, mikono yangu mbele, ili miguu isiguse kitu. Watu wananisalimia njiani. Sikumwitikia hata mmoja.

Nimedanganya. Naanza na hilo.

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliuliza imekuwaje, nikasema lami ya moto. Ulimi ulisema wenyewe. Dresa ni mtu mzima, sauti ya chini. Hakuandika. Akamgeuza Zena mguu wa kushoto kuelekea dirishani. Juu ya kifundo palikuwa na baka jeusi nililoshindwa kulitoa. Akaomba mafuta ya kupikia, akalipaka, akangoja akiongea na mtoto, akafuta kwa pamba. Lami ikaja. Chini yake ngozi nzima. Laini, haina hata mkwaruzo.

Akaweka kidole pale. "Hapa lami ilikuwa, ngozi nzima." Akapeleka kidole juu, pajani. "Hapa ulitoa lami, ngozi hakuna. Sasa niambie, fundi. Lami gani hii inachoma mtu ikishaondoka?"

 Nilitazama ule mviringo mdogo wa ngozi nzuri. Lami ndiyo iliyoikinga. Ilimkinga na mimi.

Nikasema yote. Mafuta ya taa. Marekani. Winda juu. Karibu saa nzima.

Akauliza kama nilimwosha baadaye kwa maji na sabuni. Nikasema mtungi ulikuwa mtupu. Akauliza juu ya kikohozi, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, mara nyingi. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Jioni uliwasha taa?"

Nikaiona. Taa mkononi mwangu. Moto uko shubiri mbili kutoka kwa mtoto aliyelowa mafuta ya taa kiunoni mpaka miguuni. Nimemwinamia natafuta doa.

Nilikaa sakafuni.  

Amemwosha kwa maji mengi na sabuni, amempaka dawa, amemfunga bendeji miguu yote. Zena alilia mpaka sauti ikaisha. Kifua anasema ni kizuri, lakini nimlete kila siku. Iliyobaki nyuma ya goti la kushoto na kwenye nyayo nisiiguse kwa pupa. Mafuta ya kupikia au siagi, mahali penye ngozi nzima tu, kisha sabuni. Isiyotoka niiache. Itatoka na siku zake.

Nikamwuliza kama atatembea sawa, kama makovu yatabaki. Nyuma ya goti la kulia pamechubuka vibaya. Alisema, "Tutaona. Mama yake yuko wapi?"

Nikasema anarudi Jumapili.

Ijumaa, 9 Februari

Hospitali asubuhi. Bendeji mpya. Mguu wa kulia haukunjiki. Anaushika umenyooka, anautazama kama si wake.

Mama Kemunto hakuja jana. Leo alikuja, akaweka maziwa mlangoni, akageuka. Nikamwita. Nikasema nimekosa. Ilitoka kwa shida, nimezoea kuwaambia wengine kwamba wao ndio wamekosa. Akaingia, akamwona Zena, akaweka mkono mdomoni. "Omwana," alisema. Mtoto. Hakusema alinionya. Ningependelea aseme.

Alikaa naye nikaenda msikitini. Baada ya sala nikamngoja mwalimu mpaka watu wakatoka. Nikamwuliza: mtoto mwenye lami mwilini, maji yasipofika, kuna ubaya gani?

"Mtoto wa miaka mingapi?"

"Mwaka na nusu."

Alicheka, alidhani namtania. "Fundi, huyo anasali sala gani?" Kisha akaona uso wangu akaacha kucheka. Akasema mtoto hana udhu wala hana dhambi, na mwenye doa lisilotoka ila kwa kujiumiza Mungu hamlazimishi, hata akiwa mzee wa miaka themanini.

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Njia nzima nikijitukana. Hata hiyo ya Mungu ilikuwa kisingizio. Mikono yangu niliisafisha kwa ajili ya sala. Mtoto nilimsafisha kwa sababu sivumilii doa. Na kwa sababu nilitaka mama yake aseme, ala, kumbe unaweza.

Jumamosi, 10 Februari

Mama Kemunto amenionyesha. Alileta siagi kwenye jani la mgomba. Akapaka kidogo kwenye wayo, akaanza kumwimbia Zena kwa Kikisii, hana haraka kabisa. Nikauliza tunangoja nini. "Tunangoja hiyo siagi. Wewe nataka kufukuza yeye?" Kisha akafuta kwa ncha ya kidole. Nyeusi ikaja juu, wayo ukabaki mweupe. Akaosha kwa sabuni. Akafanya wa pili. Zena alicheka, kwa sababu inatekenya.

Nilitoka nje. Nimelia nyuma ya choo, mtu mzima na ndevu zangu.

Sijashona kitu tangu Jumatano. Mwenye kaptula amekuja mara mbili. Nimemwambia akashone kwingine.

Kesho basi linafika saa nane mchana.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda kumpokea. Niliogopa watu wa stesheni.

Alifika amebeba kikapu cha samaki wakavu na salamu za mama yake, ambaye anaendelea vizuri. Alikuwa anaongea tangu barabarani. Akaona bendeji. Akaacha kuongea katikati ya neno.

Alimchukua. Akamnusa kichwani, shingoni, mikononi, kila mahali, kama anatafuta mtoto wake ndani ya mtoto huyu. Zena alimshika kitambaa cha kichwa akakivuta. Hakulia. Uani bado pana lami imeganda chini. Mama Zena akaitazama, akatazama bati juu, akaelewa nusu.

"Lami imemuunguza?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Neno moja. Yeye mwenyewe amelileta mpaka mlangoni. Dresa hana sababu ya kusema, na Mama Kemunto, aliyekuwa amekuja na siagi, aliinama akawa anafunga jani la mgomba ambalo halikuwa na kitu ndani.

Nikasema, "Si lami. Ni mimi."

Nikaeleza. Mafuta ya taa, marekani, winda, mtu wa kanzu. Ule ukimya niliofurahia. Mara ya pili, Jumatano, nilipomshika kwa nguvu. Taa hakuiuliza. Nilisema mwenyewe. Hapo ndipo rangi ilipomtoka.

Alikaa.  Kisha akasema, polepole, "Wawili walinifia mikononi. Huyu nilikuachia siku nane."

Basi. Hakupiga kelele. Angepiga, ningejua pa kujificha.

Jumatano, 14 Februari

Anampeleka hospitali mwenyewe. Hanikatazi kufuata. Nafuata nyuma, hatua kumi.

Homa hakuna. Kikohozi kimekwisha. Goti limeanza kukunjika.

Wanalala kwa upande wa ukuta. Chakula napewa, salamu napewa. Nikiingia chumbani anainua kichwa kuona nimeshika nini.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekaa kwenye cherehani leo. Kaptula ya tatu; mwenyewe amerudi, anasema atangoja. Nilipoinuka kuchukua kipande cha kitambaa mezani, Zena aliniona nacho. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, siku yake ya kwanza kusimama tangu aungue. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akaweka mikono miwili mbele ya mapaja yake.

Hakulia. Alijikinga tu.

Mimi ni fundi. Siku nzima nina kitambaa mkononi.

Mama Zena aliona. Alimnyanyua akatoka naye. Nilikaa na kile kitambaa. Sijapigwa hivi maishani.

Alhamisi, 22 Februari

Bendeji zimeondolewa zote. Ngozi mpya ni nyembamba, ya waridi, imeanza kupata rangi pembeni. Dresa anasema miguu ni mizima. Kovu moja litabaki nyuma ya goti la kulia, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Atakwenda nalo.

Anatembea. Leo alikimbiza kuku wa jirani mpaka barabarani.

Siku hizi nikiinuka naweka kitambaa chini kwanza. Wateja wanashangaa. Napima watu mikono mitupu, kamba ya kupimia iko shingoni mwangu.

Saa kumi Mama Zena alileta beseni, akaliweka mbele yangu. Akatia maji, akayapima kwa kiwiko. Akamvua mtoto. "Mwogeshe," alisema. Akakaa kizingitini.

Nilikunja mikono ya kanzu. Kitambaa hakikuwapo, sabuni tu kiganjani. Zena aliingia majini akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Nikaanza na miguu, kidole kimoja kimoja. Kisha vifundo. Nilipofika chini ya goti nikasimama, nikamwangalia mama yake. Akaitikia kwa kichwa. Nikaosha palipo na kovu kwa ncha za vidole.

Hakulia. Aliitazama mikono yangu, ikienda na kurudi, mpaka maji yakapoa.